Bafu lililotengenezwa vibaya ni mlango wa maradhi

Na DAKTARI WETU

Kwa muda wa miezi minne hivi mke wangu alikuwa akilalamika kwamba mfereji wa bafuni "unamuuma". Kila alipokuwa akioga kwa shawa ya umeme na kuugusa mfereji huo, vidole vilimchoma kana kwamba ameumwa na siafu. Nilimjibu kama wanavyojibu waume wengi: "Hiyo ni kawaida ya shawa hizi. Vaa patipati."

Nayaandika haya kwa aibu, kwa sababu mimi ni daktari, na katika kazi yangu nimewahi kuletewa mtu aliyefia bafuni kwa umeme.

Jibu la kweli nililipata siku tulipoamua kubadilisha vigae ambavyo vilikuwa vimeanza kubanduka. Nyumba hiyo tuliinunua ikiwa tayari imejengwa, na bafu lake lilikuwa limekarabatiwa muda mfupi kabla ya kuuzwa. Lilipendeza machoni. Tulipobandua vigae, na fundi wa umeme akaifungua swichi, alinionyesha waya wa rangi ya kijani na manjano uliokuwa umekatwa na kuzungushiwa utepe mweusi.

"Daktari," akaniambia, "huu ndio waya wa ardhi. Haukuunganishwa popote."

Hayo hayakuwa yote. Tundu la kutolea maji sakafuni lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja na bomba la maji taka. Nyuma ya vigae ukuta ulikuwa umelowa na kuwa mweusi kwa kuvu. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mwanangu, ambaye kikohozi chake cha usiku kilikuwa kimenishinda kukitibu.

Wengi wetu tunapotaka kukarabati bafu huanza kwa kuchagua rangi ya vigae na aina ya sinki. Lakini yanayoua na kuugonjesha watu bafuni hayaonekani. Yamefunikwa na vigae. Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kununua katoni moja ya vigae vipya, shughulikia mambo matatu yaliyo nyuma ya ukuta na chini ya sakafu: umeme, maji taka na unyevu. Ukivibandika vigae vizuri juu ya makosa ya zamani, umeyazika makosa hayo yakiwa hai.

UMEME NA MWILI ULIOLOWA

Umeme wa nyumba zetu hapa Kenya ni wa volti 240. Ngozi kavu huupinga umeme kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuguswa na waya akaruka na kupona. Ngozi iliyolowa haina kinga hiyo. Anayeoga amesimama juu ya sakafu yenye maji, miguu mitupu, na mwili wake waweza kupitisha umeme wa takriban robo ampea.

Robo ampea yaonekana ndogo, lakini kwa moyo ni nyingi mno. Umeme wa karibu ampea 0.01 hukaza misuli ya mkono, mtu akashindwa kuachilia alichokishika. Ukifika kati ya ampea 0.03 na 0.1 na kupita kifuani, moyo huweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka ovyo. Damu haiendi tena kwenye ubongo, na mtu huzirai kwa sekunde chache tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani fyuzi au swichi kubwa ya ukutani itawaokoa. Fyuzi ya shawa huwa ya ampea 30 au zaidi. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue, si kumlinda mtu. Utakuwa umekufa mara nyingi kabla ya fyuzi hiyo kuhisi chochote.

Vinavyomlinda mtu ni viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ambao huuchukua umeme uliovuja na kuupeleka kwenye fito la shaba lililopigiliwa ardhini, badala ya kuuacha upitie mwilini mwako. Cha pili ni swichi ya kinga inayokata umeme yenyewe mara inapotambua kwamba umeme unavuja. Ile ya nyumbani hutakiwa kukata uvujaji unapofika ampea 0.03. Utaitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T au neno TEST. Kibonyeze mara moja kila mwezi. Kisipokata umeme, mwite fundi.

Shawa nyingi tunazotumia mijini zina koili inayoguswa na maji moja kwa moja. Kwa hivyo shawa ya namna hiyo isiyo na waya wa ardhi ni hatari hata ikiwa mpya kabisa. Hatari huongezeka katika nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, na mwenye kisima hana budi kununua hizo.

Kosa jingine la kawaida ni waya mwembamba. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 23. Waya wa taa wa milimita mraba 1.5, au wa soketi wa milimita mraba 2.5, hauufai mzigo huo. Hupata moto ndani ya ukuta, mpira wake ukayeyuka, na mwishowe ukaunguza swichi au nyumba. Shawa yahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, usiopungua milimita mraba 4, na bora uwe wa 6. Swichi yake iwekwe nje ya bafu, mahali ambapo mkono uliolowa hauifikii. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na swichi, zima na usiitumie tena hadi ikaguliwe.

Kazi hii, msomaji, usiifanye mwenyewe hata ukiwa hodari wa mikono. Tafuta fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Mfereji "ukikuuma" hata kidogo, acha kuoga hapo siku hiyo hiyo.

Na mtu akinaswa na umeme bafuni, usimshike. Zima umeme wa nyumba nzima kwanza. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua chake na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari au ambulensi. Usikome hadi apumue au msaada ufike.

HARUFU NI UJUMBE

Bafu linalonuka hata baada ya kusafishwa si bafu chafu. Ni bafu lililojengwa vibaya.

Chini ya kila sinki, kila choo na kila tundu la sakafuni panapaswa kuwa na bomba lililopinda, ambalo mafundi huliita trapu. Mpindo huo hubakiza maji kidogo wakati wote. Maji hayo ndiyo kizibo: maji machafu hushuka, lakini hewa ya bomba la maji taka haiwezi kupanda. Choo huhitaji maji yenye kina cha takriban sentimita 5 katika mpindo huo.

Trapu isipowekwa, au maji yake yakikauka, nyumba yako huwa imeunganishwa na bomba la maji taka la mtaa mzima. Mende hupanda, na hewa mbaya hupanda pia. Ndani ya hewa hiyo mna gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka kama yai lililooza. Kwa kiasi kidogo huwasha macho na kuumiza kichwa. Kwa kiasi kikubwa hufisha uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha kumbe hatari imezidi. Ndiyo sababu watu wanaoingia katika matangi ya maji taka hufa, na wanaowafuata kuwaokoa hufa pia. Usiingie katika tangi hilo kamwe, wala usimruhusu kibarua aingie.

Kuna tukio moja ambalo madaktari duniani hawalisahau. Mnamo Machi 2003, ugonjwa wa SARS ulizuka katika majumba ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens huko Hong Kong. Zaidi ya watu 300 waliambukizwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa akihara alikitumia choo cha nyumba aliyoitembelea. Katika nyumba nyingi za jengo hilo, trapu za sakafuni zilikuwa zimekauka kwa sababu wakazi walikuwa wakipiga deki kwa kitambaa bila kumwaga maji. Feni za bafuni zikawa zinavuta hewa kutoka kwenye mabomba ya maji taka, ikiwa na matone yenye virusi. Watu waliugua bila hata kukutana na mgonjwa mwenyewe.

Funzo kwetu ni rahisi. Kama una bafu au choo cha wageni kisichotumiwa, mwaga maji kiasi cha mitungi miwili katika kila tundu mara moja kwa wiki. Kama harufu inarudi saa chache tu baada ya kumwaga maji, basi trapu haipo, imepasuka, au maji yake yanafyonzwa kila jirani wa juu anapovuta choo. Sauti ya kugugumia kutoka sakafuni jirani anapovuta choo ni dalili ya hali hiyo ya mwisho. Sababu yake huwa ni kukosekana kwa bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Manukato na ubani havitatibu jambo hilo.

UNYEVU, KUVU NA KIFUA CHA MTOTO

Watu wengi huamini kwamba vigae huzuia maji. Kigae chenyewe huzuia, lakini simiti nyeupe inayojazwa kati ya vigae huyapitisha maji polepole. Kazi ya kuzuia maji hufanywa na tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa sakafuni na ukutani kabla ya vigae. Mahali pa shawa tabaka hilo lipande hadi kimo cha mtu. Fundi anayetaka kumaliza haraka huliruka, na mwenye nyumba hawezi kujua kwa kuwa baada ya siku moja limekwisha kufunikwa.

Kosa la pili ni kubandika kigae kwa madonge matano ya simiti, moja kila pembe na moja katikati. Nyuma ya kigae hubaki nafasi tupu, maji huingia humo na kukaa. Gonga vigae vyako kwa sarafu. Kigae kilichoshikana vizuri hutoa sauti nzito. Kinachotoa sauti ya debe tupu hakina kitu nyuma yake.

Ukuta ukilowa, kuvu huweza kuanza kuota kwa siku moja au mbili. Kuvu hutoa mbegu ndogo zisizoonekana ambazo tunazivuta pamoja na hewa. Mnamo 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na pumu, kikohozi na maradhi mengine ya njia ya hewa. Wanaoathirika zaidi ni watoto, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua.

Kwa hivyo mama akija kliniki na mtoto ambaye hukohoa usiku, hupiga chafya asubuhi na kupata nafuu anapolala kwa nyanyake, siku hizi namwuliza: "Kitanda chake kiko karibu na ukuta gani?" Mara kadhaa nimejibiwa kwamba ni ukuta wa bafuni. Dawa ya kuvuta husaidia, wala asiache kuitumia. Lakini kumpa mtoto dawa na kumrudisha kwenye ukuta uliolowa ni kama kuyafagia maji huku mfereji ukiwa wazi.

Kupaka rangi juu ya kuvu ni kazi bure, maana huota tena. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Funga mifereji yote na uitazame mita ya maji kwa saa moja. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja ndani ya ukuta. Isipozunguka, yamkini kosa liko kwenye sakafu, au ni mvuke usio na pa kutokea. Bafu lisilo na dirisha lahitaji feni inayotoa hewa hadi nje ya jengo, si hadi juu ya dari.

Nikizungumzia hewa, nitoe onyo moja kuhusu hita za maji zinazotumia gesi ya kupikia. Zifungwe nje ya nyumba. Gesi ikiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu, hulegea, kisha hulala asiamke.

MAJI SAFI YASIKUTANE NA MACHAFU

Katika miji yetu maji huja kwa zamu. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu na huweza kufyonza vilivyo nje kupitia nyufa. Bomba la maji safi lililolazwa mtaro mmoja na la maji taka, na likiwa na mpasuko, ni njia ya kuingizia kipindupindu na homa ya matumbo. Unapokarabati, tenganisha mabomba hayo, na la maji safi lilazwe juu ya lile la maji taka.

Vilevile, usiache mpira wa kutawadhia au wa shawa ukiwa umetumbukizwa ndani ya ndoo. Maji yakikatika, yaliyo ndani ya ndoo huweza kufyonzwa hadi kwenye bomba mnalochota maji ya kunywa.

SAKAFU ISIYOANGUSHA

Vigae vinavyong'aa kama kioo vinafaa ukutani. Sakafuni nunua vyenye uso wa kukwaruza. Mzee wa miaka 70 akiteleza bafuni na kuvunjika nyonga huenda asitembee tena bila msaada, na wengine hufariki kwa matatizo yanayofuata kama vile nimonia na damu kuganda miguuni. Ikiwa mnaishi na mzazi, au huja kuwatembelea, fungeni chuma imara cha kushikilia karibu na choo na mahali pa kuogea. Kifungwe ukutani kwa skrubu ndefu, kisigundishwe kwa simiti ya vigae tu.

Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Maji yaliyosimama hutelezesha, na yakiachwa siku nyingi ndoano au ndani ya tundu lililoziba huzalisha mbu.

HATARI ZA KAZI YENYEWE

Kazi ya kubomoa na kubandika unaweza kuifanya mwenyewe mwishoni mwa juma, nami nilifanya sehemu yake. Lakini ina madhara yake, na nimeyaona kliniki.

Vumbi: Kigae na zege vinapokatwa kwa mashine hutoa vumbi laini lenye silika. Vumbi hilo hukwama mapafuni na halitoki. Anayelivuta kwa miaka mingi, kama mafundi wetu, huweza kupata ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na huwa rahisi kushikwa na kifua kikuu. Kata vigae huku ukivimwagia maji, tena nje ya nyumba. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Vaa barakoa ya N95, na umnunulie fundi wako pia.

Simiti: Simiti iliyolowa huunguza kama magadi makali. Ubaya wake ni kwamba haiumi mara moja. Mtu hupiga magoti juu yake asubuhi nzima, na jioni hukuta ngozi imekuwa nyeusi na kidonda kimefika chini. Vaa glavu za mpira na buti. Ikikuingia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Asidi: Mafundi hupenda kusafisha vigae kwa asidi. Asidi hiyo isikutane kabisa na ile dawa ya kung'arisha nguo ambayo wengi huiita jiki. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza koo na mapafu, na ndani ya bafu dogo yaweza kuua. Mama wa nyumba anayemwaga jiki chooni mara tu fundi aliyetumia asidi anapoondoka yuko katika hatari hiyo. Mwageni maji mengi kwanza na mfungue dirisha.

Majeraha: Choo cha kauri kikivunjika huwa na makali kuliko wembe, na hukata hadi kwenye mishipa. Kibebe kikiwa kizima, au kifunike kwa gunia kabla ya kukivunja. Jeraha likipata uchafu, nenda ukachanjwe dhidi ya pepopunda ikiwa imepita miaka 5 tangu uchanjwe mara ya mwisho.

Asbesto: Katika nyumba za zamani, paa, dari au tangi la maji huenda vikawa vya asbesto. Usitoboe, usikate wala usivunje. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Uliza ofisi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) namna ya kuziondoa.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Fundi mzuri hukubali kazi yake ipimwe. Usimlipe pesa zote kabla ya kufanya haya:

1. Kabla vigae havijabandikwa, ziba tundu la sakafuni, jaza maji yenye kina cha sentimita chache na uweke alama ukutani. Ngoja saa 24. Maji yakipungua sana, au dari ya chini ikilowa, tabaka la kuzuia maji lirudiwe.

2. Piga picha za mabomba na nyaya zote kabla hazijafunikwa. Siku utakapotaka kutoboa ukuta utashukuru.

3. Mwambie fundi wa mabomba akuonyeshe trapu ya kila tundu kwa macho yako.

4. Mwambie fundi wa umeme apime waya wa ardhi kwa kifaa chake mbele yako, kisha abonyeze kitufe cha swichi ya kinga.

5. Baada ya vigae kukauka, mwaga ndoo ya maji kwenye pembe ya mbali. Yote yaelekee kwenye tundu, pasibaki kidimbwi.

6. Gonga kila kigae kwa sarafu.

WALIOPANGA NYUMBA

Najua wasomaji wengi ni wapangaji, na hawana ruhusa ya kubomoa. Hata hivyo mnaweza kumwagia maji matundu makavu, kukihamisha kitanda cha mtoto mbali na ukuta uliolowa, kufungua madirisha na kupangusa ukuta baada ya kuoga. Kuhusu umeme, mwandikieni mwenye nyumba barua, mkieleza kasoro na tarehe, nanyi mbaki na nakala. Wapangaji wa jengo zima wakiandika pamoja husikizwa upesi kuliko mmoja anayelalamika ngazini. Wakati mkingoja jibu, chemsheni maji jikoni na muogee ndoo. Kuogea ndoo hakujamwua mtu kwa umeme.

Bafu letu lilichukua majuma matatu, na gharama ilizidi tulivyokuwa tumepanga, kwa kuwa tulilipia kazi mara mbili: ile ya aliyetangulia na ya kuitengeneza upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanangu bado hukohoa mara moja moja wakati wa baridi, lakini halali tena akiwa ameketi. Na siku ya kwanza ya kulitumia bafu hilo, mke wangu aliugusa mfereji kwa kidole kimoja, kwa woga, huku nimesimama karibu na swichi. Kisha akauliza kama nikiwa kliniki huwaambia wagonjwa wangu pia kwamba maumivu yao ni ya kawaida.